Nusu Yangu ya Jumba la Torrington

Jumatatu, 4 Septemba

Asubuhi njema. Chai nzito, mkate umekauka vizuri motoni, yai halikupasuka. Nilitoka na kikombe mkononi, nikavuka barabara, nikaitazama nyumba yangu.

Loo! Mji wote wa Haverley hauna nyumba kama hii. Nyeupe kama maziwa. Nguzo nne mbele zimebeba paa la kibaraza, juu ya paa hilo roshani ya chuma iliyosokotwa kama lesi. Mgeni akipita huapa kwamba ni mawe matupu. Mawe gani! Ni matofali ya kawaida yamevishwa lipu ya chokaa, na lipu yenyewe imechorwa mistari ili ifanane na mawe. Udanganyifu mtupu. Umri wake unakaribia miaka mia mbili na bado unadanganya. Naupenda mno.

Kasoro yake ni moja. Nusu si yangu.

Nusu ya kushoto ni ya Clement Oxtoby, daktari wa meno aliyestaafu. Ana nguzo zake mbili, nami zangu mbili. Ana mlango wake, nami wangu. Katikati kabisa, juu ya kibaraza, kuna dirisha kipofu: si dirisha, ni lipu iliyopakwa rangi ikawa dirisha, na vioo vyeusi vya kuchora, na pazia la kuchora lililovutwa nusu. Oxtoby huwaambia watu kwamba ni lake. Lake! Nilikaribia kumwaga chai.

Bi. Pugh, afisa wa majengo ya kale wa halmashauri, alipita na baiskeli yake akasimama kunisalimu. Akasema Jumamosi ni siku ya majumba ya kale kuwa wazi kwa wananchi, na kwetu wageni wataingia kwa mlango mmoja tu, kama kawaida. Atakuja Ijumaa kuchagua mlango upi. Mwaka jana alichagua wa Oxtoby. Oxtoby aliwakaribisha wageni kwa keki ya ndimu, na mpaka Krismasi hakuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Mwaka huu ni zamu yangu. Nilimwambia mke wangu, Muriel, kwamba nina mpango. Akaniuliza kama mpango huo utahitaji ngazi. Nikasema ndiyo. Akaenda kutafuta bendeji.


Jumanne, 5 Septemba

Mpango wa rangi!

Sheria inasema nusu zote mbili zipakwe rangi moja. Lakini sheria haikusema rangi hiyo ianzie upande gani. Nimesoma kwamba hapo kale lipu hizi hazikuwa nyeupe. Zilipakwa rangi ya jiwe lenyewe, rangi kama ya asali. Nikaona nikiirudisha nusu yangu kwenye asili yake, Bi. Pugh atalia machozi ya furaha, na Oxtoby atalazimika kunifuata nyuma kama kondoo.

Rangi za dukani hazina roho. Nilijichanganyia mwenyewe: chokaa, udongo wa manjano, na vumbi la tofali kidogo ili kuongeza joto. Nilipaka tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Ikiwa mbichi ilikuwa asali tupu. Niliiimbia.

Ilipokauka ikawa rangi nyingine.

Muriel alitoka, akatazama, akakunja mikono. Akaniambia, “Mume wangu, umeivika nyumba nyama ya nguruwe.”

Nikamwambia ni macho yake. Akasema basi na paka wa jirani ana macho kama yake, maana anailamba nguzo.

Oxtoby akajitokeza kwenye mlango wake, kavaa kizibao. Akauliza kwa upole wa kidaktari kama nyumba ina homa. Akasema ifungue kinywa aiangalie. Nilimjibu kwamba watu wenye elimu ya majengo wanaijua rangi hii. Akasema wachinjaji pia wanaijua.

Nilikula chakula cha jioni. Pai ya kondoo, nzuri sana. Nikajifariji kwamba ukiitazama kwa jicho moja, na jua likiwa nyuma ya wingu, ni rangi ya heshima.


Jumatano, 6 Septemba

Mvua ya kutosha. Nilisahau kuweka gundi katika rangi yangu, na rangi yote ikashuka ukutani, ikapita vizingiti, ikaishia katika mawaridi meupe ya Oxtoby. Sasa ana mawaridi ya rangi mbili. Nyumba imerudi nyeupe, tena safi kuliko jana. Kwa hiyo nimeiosha nyumba bure. Hili nalihesabu kuwa ushindi.

Mpango wa pili. Dirisha kipofu!

Ghorofani mwisho wa ukumbi wangu mdogo kuna kabati la mifagio. Kabati hilo linagusa ukuta wa mbele, na pia ukuta unaonitenga na Oxtoby. Nikifikiri vizuri, nyuma ya lile dirisha la kuchora lazima kuwe na uwazi. Nikitoboa tundu kutoka kabatini mwangu nikaufikia, basi dirisha ni langu. Hakuna mahakama itakayobisha.

Nikachukua keekee yangu ya mkono, nikapiga magoti kati ya mifagio, nikaanza kutoboa. Ilianza kwa ukaidi. Kisha ghafla ikalainika kama inatoboa keki. Vumbi likatoka, la kahawia, limelowa. Nikazungusha kwa nguvu zaidi. Nililenga mbele. Keekee haikulenga mbele. Ikakata pembeni, ikatokea upande wa pili.

Nilijuaje kwamba imetokea? Nilisikia wimbo wa kanisani ukikatika katikati ya ubeti.

Oxtoby alikuwa anaoga.

“We Prewett!” sauti ikaja kupitia tunduni. “Ni wewe?”

Nikafikiria kunyamaza. Nikaona haitasaidia.

“Ni mimi, jirani. Habari za asubuhi?”

“Kuna chuma kimetoka ukutani kando ya bomba langu! Kinazunguka! Mtu mzima, huna haya?”

Nikamweleza kwamba ni utafiti wa kihistoria. Akasema katika maisha yake yote ya kung’oa meno hajapata kuona jino likimwotea mtu bafuni. Akaniamuru niking’oe polepole bila kutikisa. Nikakitoa. Akasema sasa nisukutue. Kisha akaliziba tundu kwa sabuni.

Muriel alikuja na ufagio. Akainama, akachota lile vumbi kidoleni, akalinusa. Akasema, “Aubrey, hii si harufu ya ukuta. Hii ni harufu ya uyoga.”

Nikamweleza mke wangu kwamba hiyo ndiyo harufu ya ukale. Nyumba changa hazina harufu kama hiyo. Nitamnusisha Bi. Pugh siku ya Ijumaa. Oxtoby hana tundu upande wake, ana sabuni tu.

Tumekula jamu ya matunda ya damsoni. Siku nzuri, kwa jumla.


Alhamisi, 7 Septemba

Usingizi wangu ulikuwa mtamu na wazo likanijia nikinyoa ndevu. Kimo!

Jicho la mtu hupanda. Likipanda upande wangu likakuta kitu, litakaa upande wangu. Nikaenda kwa muuza vifaa vya bustani, nikarudi na gudulia la saruji la mapambo, limechongwa zabibu na vichwa vya mbuzi. Zito! Muuzaji mwenyewe alishuka na mwenzake kunisaidia kulipandisha kwa kamba mpaka juu ya kibaraza, upande wangu, usawa wa nguzo zangu. Likakaa kama mfalme.

Muriel alisimama barabarani, mkono kichwani. Aliuliza boriti inayobeba kibaraza ni ya nini. Nikasema ni ya mbao ya mwaloni, iliyofunikwa lipu, wazee walijua kazi. Akauliza kama boriti hiyo haipiti jirani na kabati la mifagio. Nikasema inapita. Akauliza kama vumbi la jana halikuwa la mbao. Nikamwomba asiharibu mandhari kwa maswali.

Kabla ya saa ya chai Oxtoby alitoka, akaliona, akarudi ndani. Nikajua nimempata. Nikanywa chai kwa raha, na biskuti nikachovya.

Mchana ulipoelekea jioni, gari lilelile la muuza vifaa vya bustani likarudi. Watu walewale, kamba ileile. Gudulia la Oxtoby! Kubwa kuliko langu! Halina mbuzi, lina simba! Likapandishwa upande wake. Akanipungia mkono kutoka chini, mzee yule, akitabasamu na meno yote, na ni yake mwenyewe yote.

Nilitaka kuagiza la pili. Duka lilikuwa limefungwa.

Tulipokaa sebuleni kukasikika mlio juu ya mlango, kwaaak, mrefu, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala. Muriel akaweka chini ufumaji wake. Akasema anahama kulala chumba cha nyuma, na mimi nitakuja naye nipende nisipende. Nimekuja. Kitanda cha nyuma ni kizuri kuliko nilivyodhani.


Ijumaa, 8 Septemba

Naandika huku nikinywa brandi ya dawa.

Bi. Pugh alifika asubuhi, akaegemeza baiskeli kwenye uzio. Nilikuwa nimemvizia langoni. Oxtoby pia. Nikamshika kiwiko cha kulia, Oxtoby akamshika cha kushoto, na yule mama akasimama katikati kama nguo iliyoanikwa. Oxtoby alianza habari za keki, kwamba ipo, ni ya ndimu, iko tayari mezani. Nami nikaanza habari za tundu.

Bi. Pugh hakutusikiliza. Alikuwa anatazama juu.

“Nani ameweka magudulia yale?”

“Mimi!” nikasema.

“Mimi!” akasema Oxtoby.

Akatuuliza kama tuliomba ruhusa. Tukaanza kutazama mawaridi.

Nikaona niliokoe jahazi. Nikamwambia kabla hajakasirika aje anuse historia. Nikampandisha ghorofani mpaka kwenye kabati la mifagio. Akapiga magoti, akanusa tundu, akaingiza kalamu yake. Kalamu ikazama yote. Akainua uso. Akasema kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo inayotisha kuliko ukelele: “Bwana Prewett, boriti hii imeoza. Imebaki uji. Mtoke nje wote. Mlango wa nyuma. Sasa hivi.”

Tukatoka. Muriel alikuwa ameshatangulia, kavaa koti na kubeba yule paka wa jirani. Tukazunguka mpaka barabarani. Bi. Pugh akapiga kelele kumwita Oxtoby atoke, naye akatoka kwa mlango wa nyuma vilevile. Tukahesabiana. Wote tupo. Mungu ni mwema.

Ghafla Oxtoby akasema, “Keki!”

Akageuka. Mwanamume wa umri ule, akakimbia kama mtoto, akapanda ngazi za mbele, akapita kati ya nguzo, akaingia. Bi. Pugh akapiga yowe. Muriel akasema, “Aubrey…”

Juu ya mlango nikasikia mlio wa jana. Safari hii haukuwa wa kujinyoosha.

Sijui nilivuka vipi ile barabara. Najua nilimkuta kwenye kizingiti, anatoka, sahani imeinuliwa juu kama anapeleka kwa malkia, ananiambia nisimsukume, nitaimwaga. Nikazishika zile kanda za suruali yake mabegani, nikavuta. Zikanyooka, zikanyooka, mpaka nikadhani zitakatika nimbakishe pale mlangoni. Kisha zikamleta. Akaja mzimamzima kwa mkupuo, tukaangukia katika mawaridi, yeye juu yangu.

Nyuma yetu kibaraza kikashuka. Mbuzi wangu walitangulia, simba wake wakafuata, kisha boriti, kisha lipu yote ya katikati ikamwagika kama unga kutoka guniani. Vumbi jeupe likafunika barabara. Halafu kimya.

Nilikuwa nimemshikilia bado. Vidole vilikataa kuachia. Nikafikiri: kama huyu mzee angekaa chini ya yale mawe ya uongo, ningeamka kesho nikagombane na nani? Sikumwambia. Nilimwambia keki imeingia chokaa.

Akaitazama. Akasema chokaa ni nzuri kwa meno.

Tulicheka mpaka tukakohoa. Muriel alikuja akatupiga wote wawili kwa kofia yake, mmoja baada ya mwingine, huku analia.


Jumamosi, 9 Septemba

Jua. Watu! Sijapata kuona watu wengi hivi nje ya mlango wangu, ingawa mlango wenyewe haufikiki. Mafundi wa halmashauri walikuwa wameshasimika vyuma vya kuegemeza na kuzungusha kamba. Wageni wakaruhusiwa kuingia kwa milango ya nyuma. Milango miwili! Bi. Pugh mwenyewe alisema haina maana tena kuchagua.

Na kitu cha ajabu. Lipu ilipoanguka ilifunua siri ya dirisha kipofu. Halikuwa kipofu tangu mwanzo. Lilikuwa dirisha la kweli, refu, zuri, lililozibwa kwa mbao na kuchorwa juu yake. Na ule ukuta unaonitenga na Oxtoby unafika katikati yake kabisa, sawasawa, kama kisu kwenye siagi. Bi. Pugh akawaeleza wageni kwamba Torrington haikujengwa pacha. Ilikuwa nyumba moja, na dirisha hili liliangaza ngazi kuu moja. Mtu fulani baadaye aliigawa, akaliziba dirisha, akaweka mlango wa pili.

Basi ni letu. Nusu yake, nusu yangu. Kutoka barabarani sasa unaona kwa uwazi, kushoto beseni la kuogea la Oxtoby, kulia mifagio yangu. Watu wanapiga picha.

Bi. Pugh alieleza pia ugonjwa wenyewe. Zamani mtu aliziba nyufa za lipu ya chokaa kwa saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Maji yakaingia yasitoke, mbao ikaoza kimyakimya chini ya sura nzuri. Akasema, huku akinitazama kama mtu anayemeza dawa chungu, kwamba lisingekuwa lile tundu langu asingejua, na leo watu wangepanga mstari palepale chini ya kibaraza. Nikainama kwa shukrani. Akaongeza kwamba lisingekuwa gudulia langu pengine kibaraza kisingeanguka kabla ya majira ya baridi. Nikaacha kuinama.

Oxtoby alisimama kando ya kamba akasimulia wokovu wake kwa kila kundi. Katika kundi la kwanza nilimvuta kwa kanda. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimembeba mgongoni. Sikumsahihisha. Akaniita “ndugu yangu Prewett” mbele za watu. Mimi nikawaambia kwamba mawaridi ya rangi mbili ni utaalamu wake.

Muriel alitandika blanketi nyuma, akaleta sandwichi za matango, Oxtoby akaoka keki nyingine. Tulikaa watatu kwenye majani huku wageni wanapitapita kupitia nyumba zetu zote mbili, wanaingia kwangu, wanatokea kwake, wanasifu dari. Nilijisikia tajiri.

Kabla ya kupanda baiskeli Bi. Pugh alitusimamisha kama watoto wa shule. Akatutaka tuahidi, mbele ya Muriel kama shahidi, kwamba hatutagusa tena uso wa nyumba hii, lipu yake, rangi yake, nguzo zake wala madirisha yake, bila kumwuliza kwanza. Tukaahidi, mikono vifuani. Niliahidi kwa moyo wote. Mtu akiponea chupuchupu hubadilika. Mimi nimebadilika.


Jumapili, 10 Septemba

Mapumziko. Kanisani asubuhi, nyama ya kuchoma mchana, Oxtoby amealikwa. Mtu mzuri, nashangaa sikuligundua mapema.

Muriel alipokwenda kwa dada yake, tulishuka chini na taa kutazama vyumba vyetu vya chini ya ardhi. Chake kimegusana na changu, ukuta mmoja mnene katikati. Oxtoby akaweka sikio ukutani kama anasikiliza jino. Akasema anasikia maji. Nikaweka langu. Nikasikia kitu, kweli, kama mchirizi. Akanikumbusha jinsi miji mingine ilivyopata sifa kwa chemchemi za maji ya tiba, watu wanakuja kutoka mbali kunywa na kuoga. Haverley haina hata moja. Yaani haina bado.

Tukatazamana.

Tulichunguza ahadi yetu neno kwa neno, maana sisi ni watu wa heshima. Uso wa nyumba. Lipu. Rangi. Nguzo. Madirisha. Chumba cha chini hakikutajwa! Bi. Pugh ni mwanamke makini, kama angekuwa na pingamizi angelisema.

Kesho Muriel atakuwa bado kwa dada yake. Oxtoby analeta sururu, mimi naleta karai. Huo ukuta wa katikati unatuzuia kidogo, tumekubaliana kuutoa. Oxtoby aliuliza kama si ndio unaobeba nyumba nzima. Nikamwambia, ndugu yangu, ukuta huu umeibeba nyumba miaka yote hii bila kupumzika. Nayo imeshazoea kusimama.